Sekunde Moja na Robo

Barua pepe ilisema LAZIMA, kwa herufi nyekundu:
wakufunzi wote wa kitivo cha tiba, Dundee,
Alhamisi tatu za Januari, saa tatu kamili,
chumba cha ghorofa ya chini, karibu na mabomba.
Nikaenda nimenuna.
Samaki hukunjwa angali mbichi, nami na miaka yangu hamsini na sita
nilikwisha kuwa ng'onda.

Mezani biskuti za siagi, karatasi za manjano za kubandika,
na Bi Ishbel Rattray,
ambaye hajapata kusikiliza pafu la mtu
wala kumwambia mtu kwamba uvimbe umerudi.
Alifundisha chekechea, Arbroath, miaka kumi na tisa.
Nikamnong'oneza Profesa Duthie:
leo tutaimba alfabeti.
Duthie akacheka puani. Naye alikuwa amenuna.

Akazima taa, akatuonyesha video zetu.
Mimi nilikuwa wa tatu.
Nikajiona wodini, koti jeupe,
shingo ndefu kama ya mtu anayemtafuta mdeni wake.
Nauliza: kwa nini sauti hii iko chini ya pafu, si juu?
Kisha najibu.
Nauliza tena. Najibu tena.
Kwa ufasaha, lazima niseme.

Bi Rattray hakunilaumu.
Alikuwa na saa ya kupimia mbio, ya plastiki, kamba shingoni.
"Daktari Msuya," akasema, "kati ya swali lako na jibu lako
nimepata sekunde moja na robo.
Watoto wangu wa miaka mitano niliwapa nne."

Mabomba yakaguguna.
Nilitaka kusema: hivi ndivyo nilivyofunzwa.
Nilitaka kumtaja bingwa wa wodi yangu ya kwanza
aliyegonga reli ya kitanda kwa kalamu,
ko, ko,
na ko ya tatu ikikukuta hujajibu
ulisimama mlangoni mpaka raundi iishe.
Nilisimama mlangoni mara nyingi.
Ndiko nilikojifunza wepesi wa kujibu,
nikadhani wepesi ndio tiba yenyewe.
Sikusema. Nikaandika kwenye karatasi ya manjano: ngoja,
kwa Kiswahili, wasiisome.

Jumatatu. Theluji chepechepe madirishani,
Mto Tay umefutika pamoja na daraja lake.
Kitanda cha tisa: Bi Nettie Cargill, miaka themanini na sita,
mfumaji wa magunia enzi za viwanda;
vumbi la nyuzi alikuja nalo kifuani,
masikio aliyaacha kwenye mitambo.
Nikauliza swali langu.
Nikafunga mdomo.

Moja.
Hakuna kitu kirefu kama sekunde ya pili.
Ya tatu nilihesabu vifungo vya koti la mtu.
Ya nne jibu lilinijaa kinywani kama uji wa moto,
halitemeki, halimezeki.
Rhona Geddes, yule wa nyuma, ambaye tangu Septemba
daftari langu linamwita "kimya, hajiamini",
alitazama viatu vyake.
Ya tano nikashindwa. Nikavuta pumzi niseme,

na mkono mkavu ukanivuta mkono wa koti.
"Shii," akasema Bi Nettie. "Binti huyu ameshaanza."
Sisi hatukusikia chochote.
"Kiwandani sauti haikufaa kitu. Tulisomana midomo, miaka thelathini.
Wiki nzima, ukiuliza tu, yeye huanza.
Wewe ndiye unayemkata."

Rhona akainua uso. Akajibu.
Nusu ya jibu ilikuwa makosa.
Nusu nyingine
mimi sikuwa nimeifikiria.

Alhamisi ya pili nilifika mapema, mabomba bado baridi.
Bi Rattray alikuwa akipanga viti.
"Ilikuwaje?" akaniuliza.
Sikuweza kumjibu papo hapo.
Akashikilia kiti kwa mikono miwili,
saa ikining'inia kifuani pake,
asiitazame.